Mzaire wa Angurai

Tulipomzika Makokha kule Nambale, emsii alishika maiki akatangaza kwamba miongoni mwa wageni waliotoka mbali alikuwepo Madam Mado, mwimbaji kutoka Kinshasa. Watu wakageuka kunitazama. Nilikuwa nimetoka Amagoro, ambako ninashona sare za shule, na kutoka Amagoro mpaka Nambale hakuna safari ya kumfanya mtu aitwe mgeni wa mbali. Mzee mmoja aliyeketi nyuma yangu akainama akaniambia, "Bonjour, madam," nami nikamjibu, "Bonjour, mzee," kwa sababu matangani si mahali pa kuanza kubishana na watu kuhusu kwenu. Mjane wa Makokha, ambaye ananijua vizuri, alifunika uso kwa leso na mabega yakaanza kutikisika. Waliomwona walidhani analia. Nilifurahi kwamba hata siku ile alipata kitu cha kumchekesha.

Nilikuwa Mzaire kwa mwaka mmoja tu, miaka ya tisini, Kongo ikiwa bado inaitwa Zaire na mimi nikiwa msichana aliyemaliza shule na hana la kufanya ila kuimba kwaya. Makokha alinisikia kwenye harambee ya kanisa letu Angurai, akaja kuniomba niingie bendi yake. Yeye alipiga gitaa la solo, na alikuwa na mpiga besi kutoka Matayos na mpiga ngoma ambaye hakuwahi kusema zaidi ya ndiyo na hapana. Tulianzia Busia, katika baa moja iliyokuwa karibu na geti la mpaka, ambapo jukwaa lilikuwa makreti ya bia yaliyopigiliwa mbao juu, na ukikanyaga kwa nguvu chupa tupu zilikuitikia kutoka chini. Wakati huo mji ule ulikuwa na muziki wa kila namna kama ulijua pa kwenda. Kulikuwa na baa ya wabadilishaji pesa iliyokuwa na sahani za santuri za zamani na mwenyewe haruhusu mtu azishike. Kulikuwa na ukumbi nyuma ya soko ambapo Waganda walivuka na ngoma zao kila mwisho wa wiki, na ukitaka kukaa ilibidi uje na kigoda chako. Na kulikuwa na kilabu cha pombe ya wimbi ambapo wazee wa Kiteso walizunguka chungu na mirija yao mirefu, mmoja akipiga kinanda cha mkono, kile cha vyuma vya kubonyeza kwa vidole gumba, taratibu, na hakuna aliyecheza kwa sababu kila mtu alikuwa ameshikilia mrija. Mpaka leo nikipita Busia nasikia spika zinazogombana barabarani, kila duka na lake, na najiuliza wale watu waliokuwa wanakaa wasikilize walikwenda wapi.

Sisi tulipiga nyimbo za kwetu, za Kikhayo, Kiluhya cha kwao Makokha, na za Kiteso, lugha yangu, na Makokha alizijua vizuri. Wateja walitusikiliza kwa adabu. Kisha mmoja wao, mnunuzi wa samaki, akamwita Makokha mezani akamwambia bila ubaya wowote, "Boss, si mnapiga poa. Lakini hizi tunasikia kwa matanga bure. Hapa tumekuja kutumia pesa, tupigieni kitu ya mtu kutumia." Nilikasirika siku ile, na Makokha hakukasirika hata kidogo. Alikwenda kununua kaseti za Lingala.

Hivyo ndivyo tulivyofika Malaba. Malaba ilikuwa ni malori. Yalipanga foleni mpaka nje ya mji yakisubiri karatasi zao, na madereva walikaa siku nyingi hawana kazi ila kufua nguo, kunyoa ndevu na kutafuta pa kukaa. Kwa hiyo baa zilijipanga upande wa pili wa barabara zikiyatazama yale malori. Iliyokuwa kubwa kuliko zote iliitwa Simama Kidogo, na mwenyewe alikuwa mwanamke mmoja aliyetoka upande wa Kitale, tukimwita Mama Jerusa. Alikuwa mnene, mwepesi wa miguu, na hakupenda maneno mengi. Alitusikiliza nyimbo mbili, akazima feni ili asikie vizuri, akasikiliza ya tatu.

"Nyinyi ni wa wapi?" akauliza.

"Wa hapa hapa, Mama," mpiga besi akaanza kusema, na Makokha akamkanyaga mguu.

"Kwa sababu," akaendelea Mama Jerusa, "wa hapa hapa niko nao wengi. Mimi nataka Wazaire. Dereva akisikia Mzaire anaagiza ingine."

"Sisi ni Wazaire," Makokha akasema, kwa Kiswahili cha Nambale kilichonyooka.

Nadhani alijua. Mtu anayeendesha baa mpakani anajua mtu anatoka wapi kabla hajaketi. Lakini alichotaka ni kuweza kuandika kwenye ubao wa nje, na yeye mwenyewe akiulizwa aseme, "Mimi waliniambia hivyo." Kesho yake ubao ulikuwa umeandikwa: bendi kutoka Kinshasa. Makokha akawa Makoko. Mimi, ambaye jina langu ni Amoit, nikawa Mado. Sharti lilikuwa moja, tusionekane tukizungumza lugha za hapa ndani ya baa wala jikoni, na tukizungumza Kiswahili tukivunjevunje kidogo. Mtu akiharibu, wote tunaondoka. Makokha alikuwa na watoto wawili Nambale na mke aliyekuwa mjamzito, na aliturudia sharti hilo kila asubuhi kama mwalimu wa zamu.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Tulikaa chumbani nyuma ya baa na redio kaseti, tunasikiliza mstari, tunasimamisha, tunarudisha nyuma, tunausema kama tulivyousikia. Hakuna aliyejua Lingala. Tulijua *bolingo*, mapenzi, na *motema*, moyo, kama kila mtu, na hapo tukaishia. Kaseti zenyewe zilikuwa zimechoka, na katikati ya mstari sauti ilizama kama mtu anayeongea akiwa na maji mdomoni. Pale palipozama ilibidi tutie kitu. Makokha hakuweza kutia Kikhayo kwa sababu Mama Jerusa alielewa Kiluhya. Kiteso hakukielewa. Basi matundu yote ya nyimbo zile niliachiwa mimi niyazibe, na nikayaziba kwa Kiteso, nikikivuta mwisho wa maneno kifanane na Lingala. Mwanzoni nilitia chochote, majina ya mito, majina ya ng'ombe wa shangazi yangu. Baadaye nilianza kutia yaliyokuwa moyoni.

Na kilichokuwa moyoni kilikuwa chakula. Mama Jerusa alikuwa ameambiwa na dereva mmoja kwamba Mzaire bila majani ya muhogo anakonda, na kwa kuwa alitaka tuthaminiwe, alimwagiza mpishi atutwangie majani ya muhogo kila siku. Kwetu majani ya muhogo ni ya mbuzi. Muhogo wenyewe tunaula, tunauchanganya na wimbi tunasonga atap, ugali mweusi wa Wateso, mzito, unaoshika tumbo mpaka jioni. Jikoni pale niliwaona wapishi wakijisongea atap yao pembeni, mvuke unapanda, na mimi naletewa bakuli la kijani na maneno, "Karibu Mado, chakula ya kwenu." Nilikula. Nilisema asante kwa Kifaransa, ndicho Kifaransa pekee nilichokuwa nacho ukiondoa ile bonjour. Nilipopanda jukwaani Jumapili, kwenye bugi, dansi ya mchana, nikafika kwenye tundu la wimbo, nikaimba kwa Kiteso, kwa huruma nyingi na macho nimeyafumba, kwamba mwanamke huyu mnene ananilisha kama mbuzi na mkia utaniota.

Nilisahau jambo ambalo mtoto angelikumbuka. Malaba ni kwa Wateso. Mama Jerusa alikuwa mgeni, madereva walikuwa wageni, lakini wabeba mizigo, wauza ndizi, walinzi, wapishi na nusu ya wateja wa Jumapili walinielewa neno kwa neno. Siku ya kwanza niliona tu watu fulani wamekwama na chupa mdomoni. Aliyekuja kuniambia alikuwa Mzee Ekirapa, mstaafu wa reli aliyekaa siku zote karibu na mlango na kofia yake juu ya goti. Alizunguka mpaka dirisha la jikoni, akaangalia kulia na kushoto.

"Yoga," akanisalimu kwa Kiteso, kwa sauti ya chini.

Nikajifanya sijaelewa.

"Usiogope, mtoto wa Angurai. Nimejua ni Angurai na vile unavuta maneno. Ni kweli wanakupea tu hiyo majani?"

"Ni kweli, mzee," nikasema.

Alitikisa kichwa kwa masikitiko makubwa, akaenda zake. Jumapili iliyofuata alipitisha dirishani donge la atap lililofungwa kwa jani la mgomba. Nililila nimesimama nyuma ya mlango wa stoo, na sijui kama nimewahi kula kitu kitamu hivyo tangu hapo.

Tangu siku hiyo ikawa ni mchezo wetu. Hakuna Mteso aliyemwambia Mama Jerusa. Walikuja Jumapili na ndugu zao kutoka Amagoro, kutoka Angurai kwenyewe, wakakaa na nyuso kavu, wakisubiri nifike kwenye tundu. Niliimba kuhusu bei ya sukari. Niliimba kuhusu askari mmoja wa getini aliyekuwa anawatisha wauza ndizi, naye mwenyewe akiwa mbele yangu anacheza kwa madaha. Wakicheka, walicheka wimbo ukishapita, ili isijulikane wanacheka nini. Mara moja dereva Mzaire wa kweli alimwita Makokha, na sote tukadhani tumekwisha. Alisema, "Lingala yenu ni mubaya sana, kaka. Lakini ile luga ingine dada anaimbaka, ni ya wapi? Ya jimbo ya Equateur?" Makokha akamjibu, "Kule ndani kabisa, kijijini." Dereva akakubali, akasema ndiyo sababu hajaisikia. Nchi kubwa ina faida zake.

Watu huniuliza kama niliona aibu kuishi kwa jina la uongo. Sikuona. Nilikuwa na umri wa kufurahia kwamba jina langu halisi liko mfukoni na watu wanaolijua wamelishika nami. Sijawahi tena kuimbia watu walionisikiliza vile. Kwaya ninayoifundisha sasa ina sauti nzuri kuliko yangu, na waumini wanaangalia saa.

Mwaka ulikuwa unaelekea mwisho Mama Jerusa alipotuambia kuna mtu wa hoteli Busia atakayekuja Jumapili kutusikiliza. Akitupenda, tutapiga kwake na kwa Mama Jerusa kwa kupokezana mpaka mwaka ujao uishe. Makokha alinunua shati. Jumapili hiyo, saa ya kuunganisha spika kabla ya bugi, binamu yangu alifika mlango wa jikoni na baiskeli, jasho linamtiririka, akasema kwa Kiteso mama amekufa asubuhi na wanamzika kesho. Hakusema zaidi. Mpishi alisikia, akashika mdomo.

Kwetu habari kama hiyo mwanamke haipokei kimya. Unapiga kelele hapo hapo, unatoka nje, unaita, na majirani wanakuja wanakushika. Lakini pale kati ya masufuria nilikuwa Mado. Nilimwita Makokha tukaenda stoo. Alinishika mabega, na yeye mwenyewe machozi yakamtoka.

"Amoit, pole. Pole sana," akasema. "Ukitaka kwenda sasa, enda. Mimi sitakukataza."

"Utawaambia nini?"

"Sijui. Mzaire amefiwa Angurai, nitasema aje?" Akafuta uso kwa kiganja. "Kama unaweza hii bugi peke yake. Ikiisha tu nakusindikiza mwenyewe."

Nilimwambia nitaweza. Nilisema hivyo kwa sababu nilifikiria mke wake na yule mtoto mchanga, na kwa sababu mama alikuwa ameshakwenda, na masaa machache hayangemrudisha. Binamu yangu nilimwomba anisubiri. Nikanawa uso nikapanda.

Nyimbo za kwanza nilizimaliza. Mtu wa hoteli alikuwa ameketi mbele na Mama Jerusa, suti ya kaki, anagonga meza kwa vidole, anafurahi. Kisha Makokha akaanza rumba ya polepole ambayo watu huipenda wakiwa na wapenzi wao, na tundu la wimbo huo liko mapema, mstari wa pili. Nilifungua mdomo nilijaze kama kawaida, na kilichotoka ni *Toto*.

Kwa Kiteso toto ni mama. Sikuwa nimepanga. Niliita Toto, nikamuuliza mbona hakunisubiri, nani atanifungulia mlango nikifika, kwa nini ameniachia nyumba ina baridi. Yale ambayo ningeyapigia kelele jikoni niliyaimba, na Makokha hakuelewa maneno lakini vidole vyake vilielewa, akanifuata, akapunguza mwendo, na sikurudi tena kwenye Lingala. Madereva na watu wa Busia walisikia toto kama kila mtu wa Kiswahili anavyolisikia, mtoto, kipenzi, beibi. Wakainuka. Waliwakumbatia wanawake wao wakacheza shavu kwa shavu, wakiitikia, "Toto, Toto wee!" Na Wateso nao wakainuka. Mzee Ekirapa aliweka kofia chini. Wabeba mizigo waliweka chupa mezani, walinzi wakaingia kutoka nje, mpishi akatoka jikoni na mikono kichwani, na wote wakasimama tuli pale walipokuwa. Baa ile ile, wimbo ule ule, nusu wanabembelezana na nusu wamesimama na mama yangu. Niliwaona wote kutoka juu. Niliimba mpaka mwisho.

Makofi yalikuwa makubwa kuliko siku yoyote. Mtu wa hoteli alisimama juu ya kiti. "Rudia!" akaita. "Hiyo Toto, rudia!" Na Mama Jerusa, ambaye sijawahi kumwona akitabasamu hivyo, akanionyesha kidole juu, "Mado, rudia, wageni wameipenda!" Nikamtazama Makokha. Alikuwa ameshaondoa mkono kwenye nyuzi.

Nikasema kwenye maiki, kwa Kiswahili kisichovunjwa, "Toto kwetu ni mama. Mama yangu amekufa leo Angurai. Siwezi kurudia."

Kile kidole kikashuka. Mama Jerusa aliuliza polepole, "Kwa hivyo wewe si Mzaire?"

"Mimi ni Mteso, Mama. Naitwa Amoit."

Akamgeukia Makokha. "Na wewe?"

"Nambale," akasema Makokha.

"Matayos," akasema mpiga besi kabla hajaulizwa. Mpiga ngoma akasema, "Ndiyo," na hakuna aliyejua anakubali nini. Mtu mmoja alicheka, akajizuia. Mtu wa hoteli alivaa kofia yake akatoka bila kuaga.

Nilipokuwa naondoka, Mama Jerusa alinifuata jikoni. Alinipa sukari, mfuko mzima, na majani ya chai, akasema ni ya matanga, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Kisha akasema, "Lakini usirudi." Yote mawili aliyasema kwa moyo mmoja, na sikumchukia. Makokha, aliyeahidi kunisindikiza, alibaki kumalizana naye; binamu yangu, Mzee Ekirapa na wengine walitembea nami kutoka pale mpaka Angurai, na njiani nilipiga kelele nilizokuwa nazo zote, nao wakanishika.

Nilirudi Malaba baada ya matanga kuchukua nguo zangu. Ilikuwa Jumapili tena, mchana, jua kali, na kabla sijavuka barabara nikasikia gitaa la Makokha kutoka Simama Kidogo. Ubao ulikuwa bado unasema Kinshasa. Wateja walikuwa wameuliza sana ule wimbo, kwa hiyo Mama Jerusa aliibakiza bendi, akaleta msichana mwingine kutoka Busia, na sasa yule ndiye aliyekuwa anauimba. Niliumia, nisidanganye. Nilijua Makokha ana mtoto mchanga nyumbani, nilijua angenifuata kama angeweza, na bado niliumia mpaka nikaweka begi chini. Yule msichana alikuwa ameyashika maneno kwa kusikia tu, kama nilivyoshika mimi ya Lingala. Mengine yalikuwa sawa, mengine hayakuwa lugha ya mtu yeyote. Ndani watu walikuwa wanacheza. Wanawake waliokuwa wanauza ndizi kando ya barabara waliposikia Toto, mmoja alimtazama mwenzake, akaweka kisu, akainuka. Mwingine akainuka. Tukasimama pale juani hata wimbo ukaisha.

Niliingia kwa mlango wa jikoni. Msichana alikuja kunywa maji, mdogo kuliko mimi, midomo imepakwa rangi nyekundu.

"Wewe ndiyo Mado?" akauliza. "Mimi naitwa Nafula. Wimbo yako ni tamu, dada. Naiimbaga nikifikiria boi wangu."

"Umeambiwa toto ni nani?"

"Si ni beibi?"

Nikamwambia. Nikamwambia na maneno aliyoyakosea, moja moja, na kila moja maana yake. Aliweka kikombe chini. Kutoka ukumbini walikuwa wameanza kumwita.

"Woi, dada. Basi niache kuiimba?"

"Imba," nikamwambia. "Lakini ukifika kwa Toto, usitabasamu."